Ardhi Iliyochachuka

Kitu cha kwanza nilichokabidhiwa serikalini, kabla ya baiskeli na kabla hata ya mshahara, kilikuwa kamba. Kamba ya katani, urefu wake mita 50, ina fundo kila baada ya sentimita 30. Aliyenipa aliitoa kabatini pale Njombe, akaniandikisha kwenye daftari la stoo, akaniambia nikiipoteza nitakatwa. Ilikuwa Oktoba 1981. Nilikuwa na umri wa miaka 22 na cheti cha chuo cha kilimo cha Uyole, na sikuwa na shaka hata chembe kwamba njaa ya mkulima wa nyanda za juu kusini nimeipatia dawa, na dawa ndiyo ile kamba. Mstari na mstari sentimita 75, shimo na shimo 30, mbegu moja. Mbolea ya kupandia, mbolea ya kukuzia, palizi mbili. Basi.

Nilistaafu mwaka 2019. Katika miaka ile 38 nimefundisha mambo mengi ambayo hata kesho ningeyafundisha tena. Liko moja nililolikosea kwa karibu miaka 15, tena nililikosea kwa sauti kubwa, mbele ya mkutano wa kijiji, nikamfedhehesha mzee aliyekuwa akisema kweli. Hilo nitalisimulia kwa urefu.

Mimi ni wa Same, milimani Upare, kwenye nchi ya ndiva, yale mabwawa ya wazee ya kukinga maji ya mifereji. Mama yangu alikuwa na ng'ombe wawili wa zizini, na samadi yao ilipanda mgombani kwa kikapu, kichwani kwangu. Msimu wa mvua maji ya kile kikapu yalinichuruzika shingoni hadi mgongoni. Niliichukia kazi ile kuliko kuchota maji, kuliko kupalilia. Nilipochaguliwa kwenda kusomea kilimo, wenzangu walifurahia posho, mimi nilifurahi kwamba nimekiepuka kikapu. Mbolea ya wasomi ilikaa kwenye mfuko, nyeupe kama chumvi, haikumchuruzika mtu.

Uyole palikuwa chuo cha kweli. Nchi za Nordiki zilikuwa zimesaidia kukijenga kituo kile, maktaba ilikuwa na vitabu, mashamba ya majaribio yamenyooka. Mwalimu wa udongo alitufundisha habari ya uchachu wa ardhi kwa vipindi viwili, asubuhi ya baridi ya Julai, nusu ya darasa tumejifunika makoti hadi masikioni. Kwenye mtihani swali hilo lilitoka, nikalijibu, nikapata. Kisha nikafunga daftari.

Njombe ya wakati huo ilikuwa bado ndani ya mkoa wa Iringa. Vilima, ukungu, miwati, pareto, viazi mviringo, na mabondeni vinyungu, zile bustani za kiangazi zinazokula unyevu wa mto. Masika watu wanagema mianzi na kunywa ulanzi. Nilipewa kata yenye vijiji vitano na baiskeli ya Phoenix ambayo tairi lake la nyuma tulilijaza majani, kwa kuwa miaka ile tairi lilikuwa adimu kama sabuni. Siku ya kwanza niliingia ofisi ya kijiji nikasalimu, "Kamwene," kwa lafudhi ya Kipare. Mwenyekiti akaitika, akachungulia nyuma yangu mlangoni.

"Bwana shamba mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiye mimi, mzee."

Akafikiri kidogo. "Basi wewe ni bwana shamba mwanamke."

Jina likabaki hilo. Watoto walilifupisha wakaniita Bwana Mwanamke, na wapo watu wazima leo, wana wajukuu, wanaoniita hivyo hivyo wakinikuta stendi ya Makambako.

Kwenye mikutano niliyoitisha walikuja wanaume. Wake zao, ambao ndio walioshika jembe tangu Novemba hadi Juni, walikuwa shambani. Ilinichukua msimu mzima kuligundua jambo hilo, na lilikuwa wazi kama jua. Nikahamishia masomo yangu mashine ya kusaga. Mwanamke akisubiri zamu yake ana muda, na ana maswali ambayo hatayauliza mbele ya baba mkwe. Pale mashineni ndipo nilipofundisha kipimo cha kisoda. Kifuniko cha chupa ya soda, kikijazwa mbolea na kusawazishwa kwa kidole, ni gramu tano hivi. Kwa nafasi za kamba yangu ekari moja ina mashimo 17,000 na ushei. Kisoda kimoja kwa kila shimo ni karibu mifuko miwili ya kilo 50. Hakuna mzani wala hesabu, mtoto wa darasa la pili anaweza. Tatizo lilikuwa soda zenyewe, hazikuwepo kijijini. Visoda tulivikusanya kwenye mabaa ya Makambako, nikivibeba kwenye mfuko wa rambo vikilialia kama njuga.

Na kazi ilifanyika, nisijinyime haki. Waliokuwa wakipata gunia tano, sita kwa ekari walifika 15, wengine 20. Mahindi yalinunuliwa kwa bei ya serikali, malori yaliyachukua, nyumba za nyasi zikageuka za matofali na bati. Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa ilisemwa ndiyo mikoa minne inayolisha nchi, nasi tulitembea kifua mbele. Kwa hiyo asije mtu leo kuniambia kwamba mbolea za chumvichumvi ni sumu. Mimi nimeona watoto waliosomeshwa kwa mfuko ule.

Mfuko wenyewe, kwa ya kukuzia, ulikuwa wa salfeti ya amonia, yaani SA. Ilikuwa ndiyo inayopatikana, ruzuku ilikuwa kubwa, na wakulima waliipenda kwa sababu jani la hindi liligeuka kijani kibichi ndani ya wiki. Wengine walikuwa wameanza kuitumia tangu kampeni za katikati ya miaka ya 1970, kabla mimi sijavaa sare ya sekondari.

Mmoja wao alikuwa mzee niliyemweka kuwa mkulima wa mfano. Alikuwa na ekari mbili za mteremko, udongo mwekundu, na mkono usio na haraka. Kamba yangu aliipokea kabla ya wote, mistari yake ilinyooka kuliko ya chuo. Wageni wakija kutoka mkoani, tuliwapeleka kwake. Mwaka 1987, katika mkutano wa kijiji, baada ya mimi kumaliza hotuba yangu ya maandalizi ya msimu, alisimama, akavua kofia.

"Mwanangu," alisema, "mbolea yako inakula ardhi."

Watu wakaguna. Nikajibu papo hapo, na hadi leo nalikumbuka jibu lile neno kwa neno: "Baba, ardhi sijaiona meno wala mbolea sijaiona mdomo. Hebu tuambie, unapima kwa kisoda au unapima kwa jicho?" Mkutano ulipasuka kwa kicheko. Mzee akavaa kofia yake, akakaa.

Nilijisikia bingwa. Jibu lile nililisimulia kwenye semina zaidi ya moja, na kila mara lilichekesha.

Yeye hakubishana nami tena, lakini kila nilipopita shambani kwake alikuwa na kitu cha kunionyesha, kama mtu anayeonyesha kidonda bila kusema kinauma. Kangaga zimeanza kuota kati ya mahindi. Maharage ya pembeni yamekuwa ya njano na mafupi. Siku nyingine alipiga jembe mara tatu, akafukua, akauliza, "Unaona nyungunyungu?" Sikuona. "Zamani ungepata wa kuvulia samaki." Nikamwambia aongeze mbolea ya kupandia.

Ndivyo nilivyofundishwa kufanya. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1980 tulifuata mfumo wa mafunzo na ziara: kila wiki mbili tunaitwa, tunapewa ujumbe wa wiki mbili zijazo, tunaupeleka kwa wakulima walioteuliwa, nao waupeleke kwa majirani. Mfumo ulikuwa na nidhamu, siubezi. Ila ujumbe ulikuwa mmoja kwa tambarare kavu za Wanging'ombe na kwa vilima vyetu vinavyonyeshewa hadi Aprili. Mimi nilikuwa bomba la kupitishia maneno, na bomba halionji maji.

Kisha ruzuku ikaanza kupunguzwa, kidogo kidogo, hadi kufikia katikati ya miaka ya 1990 ikawa imekwisha kabisa. Bei ya mfuko ilipanda hadi mkulima akawa anauza gunia za mahindi ili anunue mbolea ya kulimia mahindi. Watu wakapunguza nusu, halafu nusu ya nusu, halafu wakaacha. Na hapo ndipo mambo yaliponitisha. Mashamba yaliyoachishwa mbolea hayakurudi kwenye gunia tano za zamani. Yalishuka chini zaidi, gunia mbili, tatu. Mahindi yalitoka na majani ya zambarau, yakasimama magotini kama yamesahau njia. Wakulima walikuwa na maelezo yao: ardhi imelewa. Imezoea, walisema, ni kama mlevi, usipompa hasimami. Kwenye ripoti yangu ya robo mwaka niliandika: "Wakulima wana imani potofu kuhusu mbolea, elimu zaidi inahitajika." Nakala ya kaboni ninayo. Naitunza.

Mwaka 1996 alikuja mtafiti kijana kutoka Uyole, akataka kuchukua udongo. Nilikuwa nimemwandalia orodha ya wakulima wa mfano. Akaiangalia, akaikunja, akaniuliza nani katika kata hii analalamika sana. Nikampeleka kwa mzee, na sitaficha, moyoni nilitaka mtaalamu mwenye shahada amwambie kile nilichomwambia miaka tisa nyuma.

Kijana hakutoa kifaa chochote. Aliomba jembe. Akachagua shina la hindi lililofika gotini, akachimba kulizunguka taratibu, akaling'oa na bonge lake, akalikung'uta. Mizizi ilikuwa mifupi, minene, imevimba nchani, imebanana yote kwenye shubiri moja ya juu kama mswaki uliotumika mwaka mzima. Chini ya hapo hapakuwa na kitu. Akahamia mpakani, chini ya mti, mahali ambapo mbolea haikuwahi kumwagwa na ambapo shina moja la hindi lilikuwa limejiotea lenyewe. Akachimba. Mizizi myeupe ilishuka, akaendelea kuchimba, ikaendelea kushuka, mkono wake ukazama hadi kiwikoni.

Mzee alisimama kando ameegemea fimbo. Hakusema neno, na mimi sikupata la kusema.

Tukachukua sampuli. Kwa wasiojua: unatembea shambani kwa kukata kona kama nyoka, unachimba sehemu 15 hadi 20, kina cha sentimita 20, unachanganya udongo wote kwenye ndoo safi ambayo haikubeba mbolea, unaugawa na kuugawa hadi ubaki nusu kilo, unauanika kivulini. Jua halifai, na mfuko wa mbolea kuuwekea ndiyo kosa kubwa kuliko yote. Majibu yalirudi baada ya miezi mitano. Udongo wa mpakani, pH 5.6. Wa shambani, 4.5.

Namba hizo zinaonekana kuwa jirani. Si jirani: pH ni kipimo cha uchachu, kadiri namba inavyoshuka uchachu unazidi, mara kumi kwa kila namba moja, kwa hiyo shamba la mzee lilikuwa na uchachu zaidi ya mara kumi ya mpaka wake. Na sababu haikuwa siri kwa mtu yeyote aliyesoma. SA inabeba naitrojeni kwa sura ya amonia. Vijidudu vya udongo huigeuza kuwa naitreti ili mmea uile, na katika kazi hiyo hutoa tindikali. Naitreti isiyoliwa huoshwa na mvua kwenda chini, nayo haiendi peke yake, hushika mkono kalsiamu na magnesiamu ikaondoka nazo. Mvua za Njombe ni nyingi. Ukifanya hivyo miaka 20, ukavuna mahindi na kuyapeleka mjini, na mabua ukayachoma ili kuwinda panya, udongo haubaki na cha kuipunguza ile tindikali. Ukishuka chini ya 5, alumini iliyokuwa imelala ndani ya udongo mwekundu huyeyuka, na alumini iliyoyeyuka huunguza ncha za mizizi. Fosforasi nayo hukamatwa na alumini na chuma. Unaweza kumwaga mfuko mzima wa DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, na hindi lisione. Ndiyo ile zambarau ya majani. Urea nayo huchachua ardhi, ila kwa naitrojeni ile ile SA huchachua kiasi cha mara tatu. CAN, mbolea nyingine ya kukuzia, ina chokaa yake ndani, ndiyo maana madhara yake ni madogo.

Yote hayo niliyajua. Usiku wa siku yaliporudi majibu nilifungua sanduku la bati nikatoa daftari la Uyole. Yameandikwa kwa mwandiko wangu, na pembeni kuna alama ya vema ya mwalimu, kwa wino mwekundu.

Nilimfuata mzee nyumbani kwake. Alikuwa ameketi nje na kibuyu cha ulanzi. Ulanzi wa siku ya kwanza ni mtamu, mtoto anakunywa. Siku ya tatu umechachuka, unakata ulimi. Ule ulikuwa wa siku ya tatu. Alinimiminia, nikanywa, uso ukajikunja.

"Baba," nikamwambia, "ardhi yako imekuwa hivi. Imechachuka. Na iliyoichachusha ni mbolea niliyokuambia uongeze."

Akanywa lake. "Si ndivyo nilivyokuambia?"

"Ulisema imeliwa."

"Kuchachuka na kuliwa, mwanangu, kwa mwenye njaa kuna tofauti gani?"

Niliomba nafasi kwenye mkutano wa kijiji, ule ule, nikasema mbele yao kwamba mwaka 1987 nilimcheka mtu aliyekuwa sahihi na kwamba naomba radhi. Wengi hawakukumbuka hata tukio lenyewe. Kicheko hakina kumbukumbu kwa anayecheka. Baadaye mke wa mzee alinivuta kando ya ofisi, akaniambia kwa upole kabisa, "Siku ile alirudi nyumbani hakula." Sikuwahi kulisimulia tena lile jibu langu la meno na mdomo, hadi leo ninapoliandika.

Kuomba radhi hakupandishi pH. Dawa inayojulikana ni chokaa ya kilimo, na chokaa ipo Songwe, upande wa Mbeya. Udongo kama wetu ulihitaji tani moja hadi mbili kwa hekta, maana yake mifuko minane hadi 16 kwa ekari, na nauli ya kuileta hadi kilimani kwetu ilizidi bei ya chokaa yenyewe. Nilizunguka na barua mwaka mzima nikitafuta lori. Nilipata ahadi.

Aliyenitoa hapo ni yule yule mke wa mzee. Nilimkuta kwenye kinyungu chake akimwaga jivu la jikoni kwenye mashimo ya maboga, nikamuuliza kwa nini. Akaniangalia kama mtu anayeulizwa kwa nini anavaa viatu. Mama yake alifanya hivyo, bibi yake pia. Pasipo jivu boga halitoki, maharage ndiyo kabisa. Jivu la kuni lina kalsiamu na potasiamu, hupunguza uchachu, ingawa nguvu yake haifiki ya chokaa. Miaka 15 nilikuwa nimepita kando ya vinyungu vile na kamba yangu begani, nikielekea kwa mume wake.

Tukaanzisha shamba darasa kwenye robo ekari ya mzee, wanawake 12 na wanaume watatu. Mistari mitano mitano: ya SA kama kawaida, ya CAN, ya samadi, ya samadi na jivu, na ambayo haikupewa kitu. Hatukuandika karatasi ya kisayansi. Tuliing'oa mizizi kila mwezi na kuilinganisha kwa macho. Mistari ya samadi na jivu ndiyo iliyotangulia kushuka chini ya shubiri, na ndiyo iliyovumilia ukame mfupi wa Februari wakati majirani zao wanajikunja majani. Mama wa jivu alichaguliwa kuwa mwalimu wa kikundi. Alikataa jina la mwalimu, ila hakukataa kufundisha.

Kwa hiyo nilikimbia kikapu Upare nikakikuta Njombe. Na nikagundua kwamba hata samadi tulikuwa hatuijui. Ile iliyorundikwa nje ya zizi, ikapigwa jua kiangazi na kuoshwa na mvua ya kwanza, naitrojeni yake imekwisha ruka na kuchuruzika. Unabeba majani makavu mazito. Tukaezeka paa la nyasi juu ya lundo, tukatandika mabua zizini yanywe mkojo. Jambo dogo. Linahitaji miti minne na asubuhi mbili. Nashangaa hadi leo jinsi halipo kwenye mabango ya barabarani.

Nilipata pia fedheha ya pili, niliitafuta mwenyewe. Peramiho, kwa Wabenedikto, kulikuwa na sifa ya mmea unaoitwa marejea, wa jamii ya kunde, unaorudisha rutuba na kuua magugu. Nilikwenda, nikaona, nikarudi na mbegu na moto wa mwongofu mpya. Mmea ulistawi kwetu vizuri kabisa. Mwaka uliofuata hakuna aliyepanda tena ila mimi. Nikauliza mashineni. "Bibi shamba," aliniambia dada mmoja, "nilime, nipande, nipalilie, halafu nifukie? Watoto wangu watakula kijani?" Mwenye ekari mbili hawezi kulitoa shamba msimu mzima kulisha udongo peke yake. Tangu siku hiyo nina kanuni yangu, na watafiti wamenisikia nikiirudia hadi wakachoka: mmea wa kurutubisha ardhi ambao hauingii chunguni, kwa mkulima mdogo umekufa kabla haujaota.

Maharage yanaingia chunguni. Tulizipata mbegu za Uyole, tukayachanganya na mahindi na kuyabadilisha na viazi. Na maharage yalinipa zana bora kuliko kamba. Unalichimba shina wakati linatoa maua, bila kulivuta, unatafuta vinundu kwenye mizizi, unakipasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani kama nyama, vijidudu vinafanya kazi, vinavuta naitrojeni ya hewani bure. Kikiwa cheupe au kijani, vimelala au vimekufa. Kwenye shamba lililochachuka vinundu ni vichache na vyeupe. Kwenye mistari ya jivu vilikuwa vyekundu. Watoto wa shule waliupenda mchezo huo, wakawa wanapasua vinundu vya mashamba ya watu njiani, na kesi mbili zilifika kwa balozi wa nyumba kumi. Sikuomba radhi kwa kesi hizo.

Vocha za pembejeo zilipofika, msimu wa 2008/09, zilikuwa za ekari moja: mfuko wa kupandia, mfuko wa kukuzia, kilo kumi za mbegu, serikali inachangia nusu ya bei. Kwa kupandia mtu aliweza kuchagua DAP mfuko mmoja au mbolea ya Minjingu miwili. Karibu wote walichagua DAP. Minjingu inatoka Manyara, ni mwamba uliotokana na mabaki na vinyesi vya ndege wa ziwa la kale, na watu waliiita unga wa mawe kwa sababu haina papara. Lakini mwamba ule unahitaji udongo mchachu ili uyeyuke, na unakuja na kalsiamu yake. Ardhi yetu ilikuwa kama imetengenezewa. Nilisimama kwenye foleni za vocha nikiwaeleza mmoja mmoja, na wachache walinisikiliza. Kuhusu vocha zilizopotelea njiani nawaachia wakaguzi.

Mengine ni ya kawaida ya kazi. Pikipiki ilikuja, ikaharibika. Njombe ikawa mkoa mwaka 2012, ofisi zikaongezeka. Viwavijeshi vamizi vilituvamia kuanzia 2017, tukalala mashambani na tochi. Vijana wa ugani niliowaacha wana simu zenye picha za kila ugonjwa. Ninachowaomba, wale watakaosoma haya, ni kwamba kwenye buti la pikipiki wasikose jembe dogo, na kabla ya kumwambia mkulima anunue mfuko gani wang'oe shina moja mbele yake. Na wizara, kama inanisikia: maabara ya udongo inayojibu baada ya miezi mitano imejibu baada ya mavuno.

Mzee alifariki mwaka 2011. Nilikuwa miongoni mwa waliomzika, na mkewe alinikalisha na ndugu. Chokaa kutoka Songwe ilikuwa imefika hatimaye miaka miwili kabla, lori moja, watu 14 tuliochanga nauli. Ekari zile mbili sasa zinalimwa na mjukuu wake wa kike. Hatumii SA, anatumia samadi ya chini ya paa, maharage, na CAN nusu mfuko anayoipima kwa kisoda. Msimu uliopita ekari ya juu ilimpa gunia 17 na debe mbili. Alipima mwenyewe, bila lumbesa.